Jiko Banifu: Vidokezo 6 vya Kulipima Kabla ya Kuliuza

Gwarama, kama kwingine katika nyanda za juu za Kigoma, maharage yanakaa motoni muda mrefu, na kuni hubebwa kichwani. Fundi wa majiko ya udongo anayepunguza kuni hata kidogo anampunguzia mama safari ya porini. Kwa hiyo fundi, usibahatishe.

1. Chagua kipimo kimoja. "Jiko zuri" halipimiki. Uzito wa kuni zilizoteketea hadi lita 5 za maji zichemke unapimika. Tumia sufuria ileile na kuni za mti mmoja zilizokaushwa pamoja. Pima kuni kabla ya kuwasha, zima, kisha pima zilizobaki.

2. Badili mambo mawili kwa pamoja. Mafundi wengi hubadili jambo moja moja, na hapo ndipo jiko bora linapowapita. Tuseme jiko lenye upenyo mpana kati ya sufuria na ukuta, na mlango mdogo wa kuni, linakula gramu 800. Unapanua mlango, zinafika 1,000. Unaurudisha mlango mdogo, unabana upenyo, zinashuka hadi 700. Unafurahi na kuishia hapo. Kumbe jiko la nne, lenye upenyo mwembamba na mlango mkubwa, lingekula 650! Mlango uliokuwa hasara kwenye upenyo mpana umegeuka faida kwenye upenyo mwembamba, na hilo huligundui mpaka ufinyange yote manne. Ukiongeza jambo la tatu, mfano kuchanganya pumba za mpunga kwenye udongo, majiko yanakuwa manane. Usiogope wingi huo: kila jambo litalinganishwa kwa majiko manne dhidi ya manne, kwa hiyo hakuna jiko linalofinyangwa bure.

3. Piga kura. Ukipima majiko ya upenyo mwembamba yote asubuhi na ya upenyo mpana yote jioni, upepo wa jioni utaonekana kama kosa la upenyo. Andika namba za majiko kwenye vikaratasi, tia kwenye kofia, chomoa, kisha pima kwa mpangilio huo. Utaratibu huu aliutilia mkazo R. A. Fisher, mwanatakwimu aliyeanza kazi kwenye mashamba ya utafiti ya Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919.

4. Rudia. Jiko lilelile likila gramu 650 leo na 720 kesho, basi tofauti ya gramu 50 kati ya majiko mawili isikupe kiburi bado. William Gosset, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness, alichapisha mwaka 1908 njia ya kupima tofauti kwa sampuli ndogo kama hizi zako.

5. Anza na kidogo. Usifinyange majiko mengi ya kuuza kabla ya kujaribu machache. Mwaka 1946 wataalamu wa Kiingereza walizunguka kukagua ardhi kwa wiki 9 tu, na mwaka uliofuata mradi mkubwa wa karanga ukaanza Kongwa bila mashamba ya majaribio ya kutosha. Udongo mgumu na ukame vikaushinda. Mwaka 1951 ukaachwa.

6. Mpe mpishi. Maji yakichemka hayasukumi jiko. Ugali wa muhogo unalisukuma. Jiko lililoshinda lipeleke kwenye nyumba kadhaa, utazame mama anaposonga. Likitikisika, lipanulie kitako, halafu upime kuni upya.