Tangazo la Kazi Linaloita Mtu Anayefaa

Vikundi vyetu vingi vinaajiri watu: mhudumu wa kioski cha maji, mwalimu wa chekechea, mlinzi, karani. Sisi tunaotembelea vikundi tumeona kamati ikijadili bei ya pampu siku nzima, halafu tangazo la kazi linaandikwa kwa dakika tano watu wakiwa wamesimama mlangoni. Miezi mitatu baadaye pesa hazionekani, kioski kimefungwa, na akina mama wamerudi mtoni. Basi katika somo hili tujifunze kuandika maelezo ya kazi.

Matangazo mengi ya kioski husema hivi:

"Anatakiwa mhudumu wa maji. Awe na diploma na uzoefu wa miaka 5. Awe mwaminifu. Atafanya kazi zozote atakazopewa na kamati. Mshahara ni maelewano."

Diploma ya nini, ya kuuza maji? Pengine pale kijijini yuko mama ambaye ameweka vitabu vya chama chao miaka minane bila doa. Akifika kwenye neno "diploma" anajiendea zake. Mwenye diploma naye akija, akipata kazi mjini ataondoka. Na hilo neno "mwaminifu" halimzuii mtu. Hata mwizi atasema yeye ni mwaminifu.

HATUA YA 1: Andikeni kazi yenyewe
Fuateni siku moja tangu asubuhi hadi jioni. Kufungua kioski, kusoma mita, kuuza maji, kuandika kitabuni, kufagia, kukabidhi pesa. Orodha ikiwa ndefu mno, huenda mnatafuta watu wawili kwa mshahara wa mmoja.

HATUA YA 2: Tenganisheni ya lazima na ya kufundishwa
Ya lazima ni kusoma, kuandika na kuhesabu pesa. Kusoma mita mtu hufundishwa kwa siku moja. Mita ikisonga namba moja, ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Badala ya kudai cheti, mpeni kila mwombaji swali hili: "Asubuhi mita ilisoma 1,240, jioni 1,246. Mtungi ni shilingi 5. Pesa ngapi ziwe kwenye sanduku?" Anayejibu 1,500 na kueleza alivyopata amewaonyesha zaidi ya karatasi.

HATUA YA 3: Semeni mshahara na saa
"Maelewano" humfaa anayejua kubembeleza. Mwenye watoto wa kulisha anataka kujua kama kazi itamtosha kabla hajapanda matatu kuja kwenye mahojiano. Tena Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, wenye maelezo ya kazi, saa na malipo, na mfanyakazi apate angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Kwa hiyo mkiandika tangazo vizuri, mmeshaanza mkataba.

HATUA YA 4: Semeni atawajibika kwa nani
Kamati ikiwa na watu tisa, mhudumu anakuwa na mabosi tisa. Huyu anasema mpe shemeji yangu maji, atalipa kesho. Yule anamtuma dukani. Andikeni afisa mmoja tu. Mtu mzuri akisoma hivyo, anajua atalindwa.

HATUA YA 5: Msifungie watu nje
Sheria hiyo hiyo inakataza kubagua kwa jinsia, kabila, dini, ulemavu au mimba. Kwa hiyo msiandike "kijana wa kiume". Kama kazi inahitaji kuinua mtungi, andikeni "aweze kuinua mtungi". Bandikeni tangazo sokoni, kanisani, msikitini na kwa chifu, lisije likabaki kwa jamaa za kamati.

Sasa tazameni tangazo lile lile likiandikwa upya:

"MHUDUMU WA KIOSKI CHA MAJI. Kazi: kusoma mita asubuhi na jioni, kuuza maji kwa pesa taslimu, bila mkopo, kuandika mauzo, kusafisha kioski, kukabidhi pesa kwa mweka hazina kila jioni na kupewa risiti. Saa 12 asubuhi hadi saa 8 mchana, siku 6 kwa wiki. Mshahara: Sh. ............ kwa mwezi, hulipwa tarehe ............ Ajue kusoma, kuandika na kuhesabu. Mita tutamfundisha. Atapokea maagizo kwa katibu peke yake. Barua zipelekwe kwa katibu kabla ya tarehe ............"

Kumbe tumeandika "jioni" na kazi inaisha saa 8 mchana! Je, nani atasoma mita jioni? Kamati ijibu swali hilo kabla tangazo halijabandikwa, si baada ya mtu kuajiriwa.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Katika kikundi chetu, ni nani angeweza kazi hii lakini tangazo letu la mwisho lilimfukuza?
2. Mfanyakazi wetu anapokea maagizo kutoka kwa watu wangapi?
3. Tukimsomea leo maelezo ya kazi yake, atasema ndiyo anayofanya?