Gari la Wafanyakazi katika Nchi ya Matope

Mto Rufiji ni mkubwa kuliko mito yote ya Tanzania. Maji yake hutoka mbali, katika nyanda za juu za kusini na katika bonde la Kilombero. Kabla ya kufika Bahari ya Hindi mto huo hugawanyika ukawa mikono mingi, na kati ya mikono hiyo imesitawi mikoko minene. Mahali hapo huitwa delta ya Rufiji. Upande wa kaskazini, katika nchi ya mchanga iliyoinuka, ndipo ulipo mji wa Kibiti, ambao kila msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara huupita.

Nchi hii ina ardhi za namna mbili. Juu kuna mchanga, na watu hupanda mikorosho na mihogo. Chini, karibu na mto, kuna udongo mzito ulioletwa na mafuriko, na humo hulimwa mpunga na mahindi. Wakati wa kiangazi udongo huo hukauka ukapasuka nyufa. Wakati wa masika huteleza kama sabuni na kushika kama ulimbo. Kwa hiyo dereva wa Rufiji aweza kukutana na maadui wawili kwa siku moja: asubuhi mchanga, na jioni tope.

Hapo zamani mizigo mingi ilichukuliwa na wanadamu. Katika vita vya kwanza vya dunia manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg ilijificha katika delta hii, hata ikaangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani wakaiopoa mizinga yake 10, ikaundiwa magari ya kuikokotea, ikapigana nchi kavu. Mmoja wa mizinga hiyo umewekwa Mombasa, katika Ngome ya Yesu. Mwanzoni mwa mwaka 1917 majeshi ya Kiingereza yalifika Rufiji nayo yakaivuka. Masika ya mwaka ule yalikuwa makubwa mno. Malori yakazama matopeni, na mizigo ikarudi vichwani mwa wapagazi. Wapagazi wa vita vile walikufa kwa maelfu, wengi wao si kwa risasi, bali kwa njaa, maradhi na uchovu. Hivyo ndivyo inavyokuwa gari lisipoiweza nchi: mwili wa mwanadamu ndio ulipao.

Siku hizi kazi zimeongezeka katika nchi hiyo. Mwaka 2003 lilifunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa meta 970, na watu wakaacha kungoja kivuko pale Ndundu. Mwaka 2004 gesi ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam kwa bomba lipitalo katika nchi ya Rufiji. Mwaka 2019 ilianza kazi kubwa ya kujenga bwawa la Julius Nyerere katika magenge ya mto huo, ili kupata umeme wa megawati 2,115. Na mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 2024.

Basi, kazi za namna hiyo zina fumbo lake. Barabara haijengwi mpaka wajenzi wafike, na wajenzi hawana barabara ya kupitia. Wafyekao njia ya bomba, wasimamishao nguzo za umeme, wapimao ardhi, hao wote hutangulia mbele ya barabara. Ndiyo maana mafundi wa nchi mbalimbali wamejifunza kuunda gari la namna ya peke yake, la kuwachukua watu wa kazi mahali pasipo na njia.

Jambo la kwanza ni magurudumu. Katika lori la kawaida injini huyasukuma magurudumu ya nyuma tu. Kazi ya yale ya mbele ni kuongoza. Magurudumu ya nyuma yakiingia topeni huzunguka bure, na kadiri yanavyozunguka ndivyo yanavyojichimbia kaburi. Gari la mahali pabaya husukumwa kwa magurudumu yote, hata yakiteleza mawili, mengine hulivuta. Tena lina gia nzito za kwendea polepole kwa nguvu nyingi.

Jambo la pili ni difu. Huu ni mtambo wa meno ya chuma ulio kati ya magurudumu mawili ya ekseli moja. Gari linapokata kona, difu huliacha gurudumu la nje lizunguke upesi kuliko la ndani. Lakini mtambo huu una udhaifu wake: gurudumu moja likikanyaga utelezi, hilo huzunguka ovyo, na lile lingine lililo juu ya ardhi ngumu hukaa kimya. Kwa hiyo gari hilo huwekewa kifungo. Dereva akiifunga difu, magurudumu yote mawili huzunguka sawasawa, na lile lililo pagumu huliokoa gari.

Jambo la tatu ni kimo cha tumbo la gari. Huko Ujerumani, baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, mhandisi Albert Friedrich alibuni gari la wakulima lililoitwa Unimog. Ekseli zake hazikupita katikati ya magurudumu, bali ziliinuliwa juu zaidi, na meno ya chuma kando ya kila gurudumu yakaiteremsha nguvu ya injini mpaka chini. Hivyo tumbo la gari likapita juu ya visiki na mawe. Gari lililobuniwa kwa ajili ya mashamba likawa baadaye gari la misitu, la majeshi na la waokoaji.

Jambo la nne ni tairi. Mwanafunzi na apige hesabu hii. Lori lenye uzito wa kilo 8,000 limesimama juu ya magurudumu manne. Kila gurudumu hubeba kilo 2,000. Tairi likigusa ardhi kwa sentimita za mraba 400, kila sentimita ya mraba hukandamizwa na kilo 5. Tairi likiwa pana zaidi, likagusa sentimita za mraba 800, kila sentimita hukandamizwa na kilo 2 na nusu tu. Gari ni lile lile na uzito ni ule ule, lakini la kwanza huzama na la pili hupita. Kwa sababu hiyo dereva afikaye penye mchanga mwingi hupunguza upepo wa tairi ili zitandae. Akirudi katika barabara ngumu huzijaza tena, maana tairi lenye upepo mdogo likienda mbio hupata moto likapasuka.

Jambo la tano ni pumzi ya injini. Injini huvuta hewa kama mtu. Ikivuta maji badala ya hewa, maji hayakubali kushindiliwa, na vyuma vya ndani hupinda au kuvunjika. Kwa hiyo bomba la hewa hupandishwa juu mpaka karibu na paa. Tena mbele ya gari hufungwa winchi yenye waya wa chuma, ili gari lililokwama lijivute lenyewe kwa kushika mti imara. Waya huo ukikatika hurudi kwa nguvu ya kuua. Basi hapana ruhusa mtu yeyote kusimama karibu nao wakati unapovuta.

Hayo yote ni ya gari, bado ya watu. Mara nyingi kiwanda huuza lori likiwa na chasisi, injini na chumba cha dereva, na mafundi wa bodi hujenga sehemu ya nyuma kwa kadiri ya kazi. Hapo ndipo wengine hukosea. Huwapandisha wafanyakazi juu ya mifuko ya saruji, pamoja na majembe, mashoka na madebe ya mafuta, kana kwamba mtu naye ni mzigo. Lakini mzigo ukianguka huokotwa, na mtu akianguka huenda asiinuke tena. Lori likiyumba, mapipa hubingirika juu ya miguu. Likipinduka, walio juu ndio wanaolaliwa.

Bodi iliyojengwa kwa ajili ya watu ina viti vilivyofungwa imara na mikanda kwa kila mmoja. Ina nguzo za chuma zinazozunguka juu yao kama mbavu, ili gari likipinduka paa lisiwaponde. Vyombo vya kazi vina sanduku lake, lililotengwa na viti. Kuna ngazi ya kupandia, sanduku la dawa, na kengele ya kumwita dereva. Tena fundi mwerevu haifungi bodi kwa ugumu kila mahali. Huiegemeza juu ya chasisi kwa sehemu tatu, kwa sababu chasisi hujipinda gari linapopita mashimoni, na bodi iliyofungwa kwa ugumu hupasuka.

Lakini gari jema katika mikono ya mpumbavu halimwokoi mtu. Mfano wake ni huu. Kikosi cha wafanyakazi kilifika penye kijito kilichojaa maji karibu na bonde la mto. Dereva akasimamisha gari. Msimamizi akasema, "Bwana dereva, twende. Gari hili limeundwa kwa ajili ya maji. Tukichelewa kazi haitakwisha."

Dereva hakujibu. Alimwona mzee mmoja akirudi shambani na upondo wake, akamwendea. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Maji haya yapitika?"

"Jana yalikuwa ya magotini. Lakini usiku yameshuka maji ya juu, nayo huchimba. Ngoja kwanza."

Mzee akautia upondo ukingoni, ukazama kiasi cha dhiraa moja. Akauelekeza mbele kidogo, ukazama wote mpaka mkononi mwake. Palipokuwa pamekanyagika jana, leo palikuwa shimo. Msimamizi akanyamaza. Kisha akasema, "Mzee, asante. Tungaliingia humo sote."

Wakalala upande ule. Kesho yake maji yakapungua, mzee akawaonyesha mahali pengine penye mchanga mgumu, nao wakavuka kwa amani. Kazi ilichelewa siku moja, na kila mtu alirudi kwake. Wahenga walisema kweli: kuuliza si ujinga.

Nchi hiyo haijaacha kuwa na nguvu. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko makubwa yaliingia mashambani na majumbani katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Na mwezi wa Mei mvua za kimbunga kilichoitwa Hidaya ziliikata barabara ya kusini huko Somanga. Hata lami haikufua dafu.

Tena pana mahali ambapo gari lolote halina budi kukoma. Huko Nyamisati barabara huishia penye maji, na mbele yake ni mikoko na mikono ya mto. Hapo msafiri hushuka garini akaingia mashuani au mtumbwini, chombo ambacho watu wa delta walikiunda kwa nchi yao tangu zamani, kabla ya gari kuzaliwa. Fundi wa gari na fundi wa mtumbwi wote wawili wamefuata kanuni moja: kwanza itazame nchi, kisha mkumbuke mtu atakayepanda, ndipo uunde chombo.

Maswali

1. Kwa nini tairi pana halizami upesi kama tairi jembamba?
2. Difu ina kazi gani, na udhaifu wake ni nini?
3. Kuna hatari gani katika kuwapandisha watu juu ya mizigo?
4. Dereva alifanya vema au vibaya kutomtii msimamizi? Eleza sababu.
5. Taja chombo cha kusafiria kitumikacho katika nchi yako, ukaonyeshe jinsi kinavyofaa ardhi au maji ya hapo.