Nani Kala Shilingi 15,000? Somo la Vipande vya Uwekezaji

Somo letu la leo linahusu kuweka pesa kwa miaka mingi kwa kununua vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Tutaanza na jambo lililotupata sisi wenyewe, maana lilitaka kuvunja kikundi chetu.

Tulikuwa watu 20, wote tumemaliza kisomo cha watu wazima. Tulipouza pamba, kila mmoja alichanga shilingi 10,000, jumla shilingi 200,000. Tukamtuma mama mweka hazina mjini akanunue vipande. Siku ile kipande kimoja kiliuzwa shilingi 400, kwa hiyo alinunua vipande 500. Kila mmoja wetu alikuwa na vipande 25.

Baada ya miezi kadhaa tukamwomba aulize hesabu yetu. Akarudi na jibu: kipande sasa ni shilingi 370, pesa zetu ni shilingi 185,000.

Mkutano ukachafuka. "Nani kala shilingi 15,000 zetu?" mmoja akauliza. Wengine wakamtazama mama mweka hazina. Mama yule alinyamaza, akaweka karatasi mezani, akaenda zake nyumbani.

Mfuko wa uwekezaji ni nini?

Mfuko huu ni chungu kimoja cha watu wengi. Mkulima anatia kidogo, mwalimu anatia kidogo, mfanyabiashara anatia kidogo. Pesa zote zinasimamiwa na meneja mwenye ujuzi. Yeye huzitumia kununua vitu vya aina tatu.

Cha kwanza ni hisa, yaani sehemu ya umiliki wa kampuni. Kampuni ikipata faida, hisa zake huweza kupanda bei na kutoa gawio. Kampuni ikiyumba, hisa hushuka. Hapa kwetu hisa huuzwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998.

Cha pili ni hati fungani. Hii ni karatasi ya deni. Serikali inakopa, inaahidi kulipa riba na kurudisha deni baada ya miaka iliyotajwa. Zipo za miaka 2 na zipo za miaka 25.

Cha tatu ni amana za benki.

Mali hizo zote huthaminiwa, kisha thamani hugawanywa kwa idadi ya vipande. Jibu ndilo bei ya kipande kwa siku hiyo. Mali zikipanda, kipande kinapanda. Zikishuka, kipande kinashuka.

Sasa turudi kwenye karatasi ya mama mweka hazina. Tulikuwa na vipande 500, na karatasi ilionyesha vipande 500 vile vile. Hakuna kipande kilichopotea. Hisa zilikuwa zimeshuka sokoni, basi na bei ya kipande ikashuka. Mfugaji anaelewa haraka. Mwaka wa ukame bei ya ng'ombe mnadani huanguka, lakini ukihesabu zizini ng'ombe ni wale wale. Aliyepata hasara ni yule aliyeuza siku ile. Ila tusidanganyane: ng'ombe anaweza kufa, na kampuni pia inaweza kufilisika. Ndiyo maana mfuko hununua mali nyingi tofauti, ili moja ikifa nyingine zibaki.

Nini kilitokea baadaye

Watu watatu waliuza vipande vyao. Kila mmoja alipata 25 mara 370, yaani shilingi 9,250. Sisi 17 tulibaki. Baada ya miaka miwili kipande kilifika shilingi 460. Vipande 25 vya kila mmoja vikawa na thamani ya shilingi 11,500. Si utajiri, lakini zile 10,000 zilikuwa zimeongezeka.

Kati ya wale watatu, wawili waliuza kwa hofu. Wa tatu, dada yetu mmoja, aliuza kwa sababu mtoto wake aliugua. Yeye hakukosea kuuza. Tulikosea sisi sote siku ya kwanza, tulipomhimiza achange pesa yake ya akiba ya dawa. Na kosa kubwa kuliko yote lilikuwa kumshuku mama mweka hazina kabla ya kusoma karatasi aliyoileta. Tulikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi. Siku hizi karatasi husomwa kwa sauti mbele ya wote, na kila mwanachama anaandika hesabu katika daftari lake.

Kuchagua mfuko

Kwanza jiulize: pesa hii nitaihitaji lini? Pesa ya chakula, dawa na mbegu za msimu ujao isiende kwenye hisa kabisa. Pesa usiyoihitaji kwa miaka mitano, kumi au zaidi ndiyo inayoweza kuvumilia kupanda na kushuka.

Tanzania inayo mifuko inayosimamiwa na UTT AMIS, taasisi ya Serikali. Tutaje minne:

1. Mfuko wa Umoja, ulioanza mwaka 2005. Una hisa na hati fungani pamoja. Unafaa mtu mwenye subira ya miaka mingi.
2. Mfuko wa Watoto, ulioanza mwaka 2008. Mzazi au mlezi anamwekea mtoto kwa ajili ya masomo ya mbele.
3. Mfuko wa Ukwasi, ulioanza mwaka 2013. Hauna hisa. Bei yake haiyumbi sana, na unafaa pesa utakayoihitaji mapema.
4. Mfuko wa Hati Fungani, ulioanza mwaka 2019. Mwenye vipande anaweza kuchagua kupokea gawio au kuliacha likue.

Wapo mameneja wengine pia. Kila mmoja lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Kabla ya kutoa pesa uliza maswali manne. Leseni iko wapi? Mfuko unanunua nini? Gharama za kila mwaka ni kiasi gani? Nikiuza nitakatwa asilimia ngapi, na pesa nitaipata baada ya siku ngapi?

Ukisikia mtu anaahidi kuzidisha pesa yako mara mbili kwa miezi michache, kimbia. Mwaka 2009 Serikali ilisimamisha DECI, mchezo wa "kupanda na kuvuna" pesa uliovuta watu wengi. Mwaka 2013 mahakama iliwatia hatiani viongozi wake. Mchezo wa namna hiyo hauna shamba wala kiwanda. Wa mwanzo wanalipwa kwa pesa za waliokuja nyuma. Wageni wakiisha, mchezo umekufa.

Kuutunza uwekezaji

Kanuni ya kwanza, nunua kidogo kidogo. Tufanye hesabu. Mtu ananunua vipande vya shilingi 30,000 kila msimu:

Msimu wa 1, kipande shilingi 300: anapata vipande 100.
Msimu wa 2, kipande kimeshuka hadi shilingi 250: anapata vipande 120.
Msimu wa 3, kipande kimerudi shilingi 300: anapata vipande 100.

Ametoa shilingi 90,000. Ana vipande 320. Mara 300 ni shilingi 96,000. Kumbe bei imerudi pale pale ilipoanza, lakini yeye amepata shilingi 6,000! Ni kwa sababu hakuogopa kununua bei iliposhuka.

Kanuni ya pili, iache faida izae. Chukua shilingi 100,000 zinazoongezeka asilimia 10 kwa mwaka. Huu ni mfano tu, hakuna mfuko wa hisa unaoweza kukuahidi hivyo. Mwaka wa kwanza zinakuwa 110,000, wa pili 121,000. Mwaka wa pili zimeongezeka 11,000, maana hata faida imezaa. Usipozigusa, baada ya miaka minane zitapita 214,000. Lakini kumbuka na bei za madukani hupanda. Kama pesa yako inakua polepole kuliko bei ya sukari na sabuni, unarudi nyuma.

Kanuni ya tatu, soma taarifa yako mara moja au mbili kwa mwaka. Angalia idadi ya vipande kwanza, kisha bei. Vipande vikipungua bila wewe kuuza, hapo uliza kwa nguvu. Bei ikishuka peke yake, usiuze kwa sababu ya maneno ya kilabuni.

Kanuni ya nne, mwambie mtu wa nyumbani. Karatasi za vipande zihifadhiwe mahali panapojulikana, na mrithi aandikwe. Mali isiyojulikana na mke, mume wala watoto inaweza kubaki bila mwenyewe.

Ndugu wasomaji, sisi hatukujifunza kusoma ili tusainie tu karatasi za wengine. Tulijifunza ili tusome hesabu zetu wenyewe. Siku ile ya ugomvi jibu lilikuwa mezani, limeandikwa wazi, na watu 19 wenye cheti cha kisomo hawakulisoma.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini vipande 500 vilikuwa na thamani ya shilingi 185,000 badala ya 200,000?
2. Taja pesa tatu za nyumbani kwako ambazo hazifai kuwekwa kwenye mfuko wenye hisa.
3. Una shilingi 24,000. Kipande ni shilingi 320. Utapata vipande vingapi? Kipande kikishuka hadi shilingi 300, pesa hiyo hiyo ingekupa vingapi?
4. Kikundi chenu kinatunzaje heshima ya mweka hazina, na kinalindaje pesa za wanachama kwa wakati mmoja?

(Majibu ya swali la 3: vipande 75, vipande 80.)