Concetta: Jina la Mavyaa kwa Binti Mchanga

Swali: Mume wangu, mzaliwa wa Palermo, ataka binti yetu aitwe Concetta, jina la mamaye; rafiki zetu wa Milano wasema limepitwa na wakati. Waonaje?

Jibu: Bibi mpendwa, ada ya kale ya Italia ya kusini ni kumpa binti wa kwanza jina la mama wa babaye, na Concetta, litokanalo na itikadi ya Bikira Maria kukingiwa dhambi ya asili, iliyotangazwa na Papa Pius IX mwaka 1854, lilienea huko hata likahesabiwa jina la maajuza. Walakini ukale si aibu: Ginevra nalo ni la kale, na leo lapendwa mno. Rai yangu, aandikwe Concetta, na nyumbani aitwe Cettina au Tina. Ila usikubali kwa kumridhisha mavyaa tu, ikiwa moyo wako wakataa.