SOMO LA UFUNDI: SPIKA ZISIZO NA WAYA ZINAPORUKA SAUTI



Mtu akisema mbele ya mkutano "hatutakubali", na spika ikameza silabi ya kwanza tu, walio nyuma husikia "tutakubali". Kwa hiyo spika inayoruka sauti si jambo la muziki peke yake.

Siku hizi spika zisizo na waya zimeingia majumbani na hata katika kumbi ndogo. Moja ikilia peke yake, sauti ni safi. Zikiunganishwa tatu au nne ziwe kikundi, sauti huanza kukatika. Wengi hudhani spika zimeharibika, wakatoa fedha za mshahara kununua nyingine, nazo zikafanya vile vile. Somo la leo laeleza namna ya kutafuta ubovu kabla ya kutoa fedha.

I. SAUTI INAVYOSAFIRI

Tuchukue mfano wa spika za waifai za kampuni ya Sonos ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2002 na kuanza kuuza vifaa vyake mwaka 2005. Unapounda kikundi, spika moja huwa kiongozi. Kiongozi hupokea sauti kutoka kwenye ruta, yaani kile kisanduku kinachogawa mtandao nyumbani, kisha huwagawia wenzake. Kwa kawaida hawagawii moja kwa moja. Huirudisha sauti kwenye ruta, nayo ruta humpelekea kila mmoja.

Sasa tupige hesabu. Spika moja peke yake: safari 1 hewani. Spika nne: safari 1 ya kumfikia kiongozi, na safari 2 kwa kila mmoja wa wenzake watatu. Jumla ni safari 7.

Sauti isiyobanwa ya kiwango cha sahani ya CD ina vipimo 44,100 kila sekunde, kila kimoja biti 16, kwa pande mbili, kushoto na kulia. Hizo ni biti 1,411,200 kwa sekunde. Zidisha kwa 7, utapata karibu milioni 10.

Ruta nzuri huuweza mzigo huo. Taabu huanza pale spika moja inapokuwa mbali. Katika chaneli moja, hewani husema mmoja kwa wakati mmoja, mfano wa wachumaji wa chai wanaongoja mzani mmoja. Spika iliyo mbali husikia kwa shida, hivyo ruta hulazimika kusema nayo polepole na kurudia mara nyingi. Mmoja akikawia mzanini, foleni nzima husimama.

Je, kwa nini spika isingoje tu? Kwa sababu spika zote za kikundi hufuata saa moja ili zilie pamoja. Kipande cha sauti kinachofika baada ya wakati wake hakifai tena, hutupwa. Pengo hilo ndilo tunalolisikia kama kuruka.

II. HATUA ZA KUTAFUTA UBOVU

Kanuni ya fundi ni hii: badili jambo moja tu, sikiliza kwa dakika kumi, kisha endelea. Ukibadili mambo matatu pamoja hutajua lipi limeponya.

1. Vunja kikundi. Piga kila spika peke yake, mahali pake. Inayoruka hata ikiwa peke yake imewekwa mahali pabaya, au chanzo cha sauti ndicho kibovu. Jaribu chanzo kingine.

2. Ongeza spika moja moja. Sauti ikianza kuruka baada ya kuongeza ya tatu, itoe, weka ya nne mahali pake. Ikiruka tena, kosa ni la mahali, si la spika.

3. Anza kikundi na spika iliyo karibu na ruta, kisha uziunge nyingine kwake. Kiongozi aliye mbali huchelewesha wote.

4. Angalia mahali. Mabati huzuia na kurudisha mawimbi, na tangi la maji huyanyonya. Ondoa spika nyuma ya vitu hivyo. Usiibane na ruta pia. Iache nafasi ya mita moja hivi.

5. Angalia majirani wa hewani. Waifai ya gigahezi 2.4 hugawana masafa na bluutuuthi na majiko ya maikrowevu. Chaneli zake hupandana, ila namba 1, 6 na 11 haziingiliani. Chagua moja kati ya hizo, ile ambayo majirani hawaitumii sana.

6. Mpe kiongozi waya. Ukimwunganisha kiongozi na ruta kwa waya wa mtandao, zile safari 7 hupungua kuwa 3. Mara nyingi waya huu mmoja huponya kikundi kizima, na bei yake ni ndogo kuliko ya spika.

7. Kama sauti inatoka kwenye sahani ya santuri au redio iliyochomekwa katika spika, tafuta katika programu mahali pa kubana sauti, au ongeza muda wa akiba.

III. KUHUSU MIKUTANO

Hatua hii ya mwisho yahitaji tahadhari. Muda wa akiba huponya muziki, lakini hudhuru hotuba: mdomo wa msemaji hutangulia, sauti hufuata. Akiba ikipunguzwa, silabi huanza kuruka tena. Hapana budi kuchagua moja kati ya mawili. Kwa hiyo spika za kikundi ziachiwe muziki. Panapo mkutano, tumia maikrofoni, amplifaya na spika za waya. Hapo neno "hatutakubali" halisafiri kwa waifai, wala halingoji zamu mzanini.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kikundi kina spika tano. Sauti husafiri mara ngapi hewani bila waya? Na kiongozi akiwa na waya? (Majibu: 9 na 4.)

2. Kwa nini spika moja dhaifu huweza kuharibu sauti ya zile nzima?

3. Katika nyumba yako au ukumbi wenu, kitu gani kinasimama kati ya ruta na spika?