Protini za Nje ya Seli na Saratani ya Mfuko wa Chakula

Mkulima wa nyanya wa Ilula, wilayani Kilolo, akiumwa chembe ya moyo, husema ana vidonda vya tumbo. Huenda ikawa kweli. Hata hivyo, akimeza omeprazoli miezi mingi bila kupimwa, saratani yaweza kuendelea bila kujulikana.

Seli za ukuta wa mfuko wa chakula hushikiliwa na wavu wa protini uitwao matriki ya nje ya seli, kama udongo ushikavyo matofali ya nyumba. Kolajeni huupa ukuta uimara. Laminini na fibronektini huzishika seli mahali pake. Chini ya seli za tabaka la ndani upo utando mwembamba wa msingi, uliojengwa hasa kwa kolajeni aina ya 4 na laminini. Utando huo ndio mpaka.

Saratani nyingi za mfuko huu huanzia kwenye maambukizi ya muda mrefu ya bakteria Helicobacter pylori, waliotambuliwa kimataifa mwaka 1994 kuwa kisababishi cha saratani. Seli zikishageuka, vimeng'enya viitwavyo metaloproteinezi huikata kolajeni ya utando wa msingi. Mpaka ukivunjika, seli hupenya kuelekea misuli, mishipa ya limfu na ya damu, na hatimaye huweza kufika kwenye ini.

Katika saratani ya aina ya mtawanyiko, kolajeni huweza kuongezeka kupita kiasi. Ukuta hukakamaa, mfuko haupanuki, na mgonjwa hushiba kwa matonge machache. Kwa kuwa ugonjwa hutambaa chini ya tabaka la ndani, endoskopi huweza kuonyesha tabaka hilo likiwa karibu na hali ya kawaida, na kipande cha juujuu kikakosa saratani. Shaka ikibaki, vichukuliwe vipande vingi zaidi, vikiwemo vya kina.

Mhudumu ampe rufaa ya endoskopi mapema mgonjwa anayekonda bila sababu, anayetapika mara kwa mara au kutapika damu, anayepata choo cheusi kama lami, anayemeza kwa shida, au mwenye upungufu wa damu usioelezeka. Nafuu ya omeprazoli isimzuie, kwani dawa hiyo huweza kutuliza hata kidonda chenye saratani. Ikigunduliwa ingali katika matabaka ya juu ya ukuta, saratani hii mara nyingi hupona kwa kuondolewa. Ikishasambaa, nafasi hiyo hupungua sana.