SOMO LA MWEZI: KUITUNZA PIKIPIKI KUUKUU NYUMBANI



Ng'ombe akipunguza maziwa, mkulima hodari humwangalia siku ile ile. Pikipiki nayo yataka macho kama hayo. Mimi niliwahi kusikia cheni ya pikipiki yangu ikilia, nikasema, "Nitaitazama Jumamosi." Alhamisi ikaruka menoni mteremkoni, gurudumu la nyuma likakwama, na maziwa ya jirani yangu mjane yakamwagika yote. Fedha zake zilikuwa za karo. Nilimlipa, lakini mtoto alikuwa amekwisha rudishwa nyumbani.

Somo hili ni la pikipiki za namna ya Honda CG125, iliyoanza kuuzwa katika miaka ya 1970, na nyingine nyingi zilizofuata mfano wake. Tayarisha spana, bisibisi, rula, burashi na vitambaa. Isimamishe mahali palipo sawa, mbali na moto. Usivute sigara karibu na petroli.

1. OILI. Itazame kila juma. Ikipungua, ongeza mpaka katikati ya alama mbili za kijiti, usizidishe. Ukitaka kuibadili, washa injini kwanza ipate joto kidogo, kisha uizime, maana oili ya moto hutoka upesi pamoja na uchafu wake. Oili chafu iweke katika debe. Usiimwage shambani wala mtoni.

2. CHENI. Isugue kwa burashi na mafuta ya taa, ipanguse, kisha uitie oili. Zungusha gurudumu polepole utafute mahali cheni ilipokaza zaidi, maana cheni kuukuu hailiki sawasawa. Hapo, katikati ya magurudumu mawili ya meno, yafaa ipande na kushuka kama milimita 20. Ikilegea zaidi, fungua nati ya ekseli, kaza skrubu za pande zote mbili kwa kipimo kimoja, uhakikishe alama zimelingana, kisha ukaze nati kwa nguvu. Angalia pia kibanio cha kiungo: upande uliofungika uelekee kule cheni iendako. Meno yakipinda kama ndoana, badili cheni na meno yake pamoja. Cheni mpya juu ya meno mabovu huharibika upesi.

3. BREKI. Wengi husahau jambo hili: ukilivuta gurudumu nyuma ili kukaza cheni, breki ya nyuma hubadilika nayo. Basi ipime tena. Pedali ishuke milimita 20 hadi 30 kabla ya kushika, na ukiiachilia, gurudumu lizunguke bila kukwaruza. Waya wa breki ya mbele ukianza kukatika uzi mmoja, usiufunge kwa kamba, nunua mwingine. Kisha ijaribu pikipiki bila mzigo kabla ya kupakia maziwa.

4. PLAGI NA HEWA. Ncha ya plagi ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, injini ni nzima. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, huenda kichujio cha hewa kimeziba vumbi. Kichujio cha sponji kioshe kwa maji ya sabuni, kikauke kabisa, kitie oili kidogo na kukikamua. Ikiwa plagi imelowa oili, huenda ringi za injini zimekwisha, mpelekee fundi. Nafasi ya plagi ni milimita 0.6 hadi 0.7. Ukiirudisha, anza kuizungusha kwa vidole, usije ukaharibu uzi wa injini.

Injini ikigonga, au mikono ya mbele ikipinda, usijaribu mwenyewe. Kumwita fundi mapema si aibu.

MASWALI
1. Kwa nini tunatafuta mahali cheni ilipokaza zaidi?
2. Baada ya kukaza cheni, ni kitu gani lazima kipimwe tena?
3. Masizi makavu kwenye plagi yakuonya juu ya nini?

Jibu maswali haya ukiwa na spana mkononi na pikipiki mbele yako, wala usingoje Jumamosi.